Kupiga picha ndege za vita Cosford

Wiki tatu zimepita bila habari kutoka huku kampasi. Insha mbili za saikolojia ya elimu zilikuwa zimenikalia shingoni, sasa nimezikabidhi na napumua. Leo sitawasimulia chakula cha kantini wala yule jamaa wa chumba cha pili anayepiga gitaa saa nane za usiku. Leo ni ndege tu. Ndege za chuma, si za manyoya.

Kwa wale wageni: mimi ni mwanafunzi wa ualimu, Historia na Kiswahili, mwaka wa tatu. Nyumbani ni Nyeri. Semista hii niko Uingereza kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, katika mji mmoja wa West Midlands. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi niliweza kupanda treni inayotoka Wolverhampton kwenda Shrewsbury, nikashuka kwenye stesheni ndogo inayoitwa Cosford. Kutoka hapo unatembea kwa miguu tu hadi kwenye jumba la makumbusho la Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, tawi la Midlands. Kiingilio ni bure. Narudia kwa faida ya wanafunzi wenzangu wenye mifuko kama yangu: bure kabisa!

Kamera yangu mnaijua, ni ile Canon ya mtumba yenye lenzi moja ya 18-55. Tripodi sina. Basi wacha nianze na mambo ya kamera, kwa sababu najua wengi wenu mnanisomea hayo, halafu nitafika kwenye kile kilichonipeleka Cosford hasa.

Jambo la kwanza: mabanda ya ndege hayakujengwa kwa ajili ya wapiga picha. Taa ziko juu sana. Kuna zenye mwanga wa manjano, kuna zenye mwanga wa kibuluubuluu, na pale mlango mkubwa ulipo mwanga wa nje unaingia mweupe pee. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe inachanganyikiwa. Picha moja inatoka na rangi ya chungwa, inayofuata ina rangi ya maiti. Dawa yake ni kupiga kwa faili ghafi, zile za RAW, ili rangi uzirekebishe baadaye ukiwa umetulia kwenye kompyuta.

Flashi isahau. Mwanga wake unafika mita chache tu. Ukiiwasha utaangaza pua ya ndege na mkia utabaki gizani, tena ile rangi inayong'aa itakurudishia mwanga wote kwenye lenzi. Mimi nilipandisha ISO hadi 1600, wakati mwingine 3200, nikaegemeza viwiko kwenye chuma cha uzio, nikatoa pumzi polepole, ndipo nikabonyeza. Kwa namna hiyo unaweza kupiga hata kwa kasi ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde bila picha kutikisika. Ndege yenyewe haiendi popote, kwa hiyo haraka ya nini?

Jambo la pili ni ukubwa. Ndege ya kivita ya zamani ukiiona kwenye kitabu unadhani ni kitu cha kuegesha kando ya matatu. Ukisimama chini yake ndipo unajua hujui. Unarudi nyuma ili iingie yote kwenye picha, unarudi, unarudi, mgongo unagonga uzio wa ndege nyingine! Na hapo bado bawa moja limekatika. Halafu nyuma yake kuna bango la njia ya dharura, kigari cha mtoto, na mkia wa ndege ya jirani unaoonekana kama umeota juu ya kichwa cha rubani. Baada ya saa moja niliacha kupigania ndege nzima. Nikasogea karibu. Mistari ya ribiti, tairi lililochakaa, maandishi madogo ya kuwaonya mafundi wasikanyage hapa au pale. Picha za namna hiyo ndizo zilizonipendeza zaidi nilipofika bwenini.

Na ndege zenyewe? Ziko nyingi hadi unachoka. Kuna Spitfire K9942 ya mwaka 1938, ambayo ndiyo Spitfire kongwe kuliko zote zilizobaki. Kuna TSR-2, mradi mkubwa uliofutwa na serikali ya Uingereza mwaka 1965. Hii iliyoko Cosford haikuwahi kupaa hata siku moja, ndefu, nyeupe, imekaa kama bibi harusi ambaye bwana harusi hakuja. Na katika jengo la Vita Baridi, lililofunguliwa 2007, ziko Valiant, Victor na Vulcan, ndege tatu zilizoundwa kubeba mabomu ya nyuklia. Hakuna mahali pengine duniani utakapozikuta zote tatu pamoja. Vijana wenye kamera za bei ya shamba walikuwa wamejazana hapo.

Mimi nilizipita. Nilikuwa natafuta ndege moja tu, na jina lake ni Lincoln.

Avro Lincoln ni mdogo wake Lancaster, ile ndege maarufu ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Iliruka mara ya kwanza Juni 1944. Ina injini nne za Merlin, urefu wa karibu mita 24, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni zaidi ya mita 36. Uwezo wake wa kawaida ulikuwa kubeba kilo 6,350 za mabomu. Ilikusudiwa kwenda kuipiga Japani, lakini vita vikaisha kabla haijafika. Basi ikawa ndege yenye kazi na haina vita. Vita ilivyopata vilikuwa vya makoloni: Malaya, na kwetu.

Wengi wetu tuliosoma shule za Kenya tunaijua hadithi ya Mau Mau kwa miguu. Msitu, panga, bunduki za kujitengenezea, askari wa King's African Rifles, kambi za kizuizini. Ndege hatuzisikii sana. Mimi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne bila kujua kwamba kulikuwa na ndege. Habari zake nilizisikia kwanza jikoni kwa shosho, si darasani.

Mambo yalikuwa hivi. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata, misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikafanywa eneo la marufuku, yaani mtu yeyote atakayeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Ndege za kwanza kutumika kupiga mabomu zilikuwa Harvard, ndege ndogo za kufundishia marubani zilizoletwa kutoka Rhodesia ya Kusini, zikifungwa mabomu madogo ya kama kilo 9 kila moja. Halafu kuanzia Novemba 1953 zikaja Lincoln. Vikosi vya 49, 61, 100 na 214 vilipokezana zamu katika uwanja wa Eastleigh, Nairobi, hadi 1955. Ndiyo, Eastleigh hii yetu, pale ambapo leo ni kambi ya Jeshi la Anga la Kenya. Ndege inapaa Nairobi, dakika chache iko juu ya Nyandarua, inafungua milango ya tumbo.

Ufanisi wa kazi hiyo ulibishaniwa hata wakati ule. Msitu wa Nyandarua mnaujua, au kama hamuujui mwulize mtu wa Othaya: mianzi imesongamana hadi jua halifiki chini, mabonde ni ya kukata roho, na ukungu unaweza kushuka saa yoyote. Kumwona mtu mmoja humo kutoka angani si rahisi. Wanyama wengi walijeruhiwa. Tembo na vifaru wenye vidonda wakawa wakali kwa yeyote aliyekutana nao, mpiganaji au askari. Lakini lengo halikuwa kuua tu. Mlio wenyewe ulikuwa silaha. Palikuwa pia na ndege ndogo zilizofungwa vipaza sauti, zikizunguka juu ya msitu zikiwaambia watu kwa Kigikuyu watoke wajisalimishe, na karatasi zikimwagwa kutoka angani.

Shosho alizaliwa 1943. Kwa hiyo Lincoln zilipofika alikuwa na miaka kumi. Kijiji chao kiko ukingoni mwa msitu. Mwaka 1954 wao pia walihamishwa, wakawa miongoni mwa watu zaidi ya milioni moja waliokusanywa katika vijiji vya hali ya hatari, vijiji zaidi ya 800 katika muda usiotimia mwaka na nusu. Akisimulia mambo hayo huwa anaongea kama mtu anayesimulia mavuno mabaya ya mwaka fulani, bila kupandisha sauti. Ila akifika kwenye ndege, anabadilisha habari. Anakumbuka chai iko motoni.

Sasa turudi Cosford. Lincoln niliikuta. Namba yake ni RF398. Na ilinipa kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu juu ni ya kijivu lakini ubavu na tumbo vimepakwa rangi nyeusi, nyeusi ti, ili isionekane usiku. Jueni hili kuhusu kamera: kamera inaamini kwamba kila kitu duniani kina mwanga wa wastani. Ukiielekeza kwenye kitu cheusi inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na weusi unageuka kijivu cha majivu. Ukitaka cheusi kibaki cheusi lazima uilazimishe, upunguze mwanga kwa kituo kizima hata kimoja na nusu. Nilipiga picha za mbele kama kumi na tano. Kwa mbele inapendeza, hata sitadanganya. Ina pua ya vioo kama kibanda cha mkulima wa maua, na propela nne zimepangwa sawasawa. Ni picha ya kuweka ukutani.

Nikazitazama kwenye kioo cha kamera, nikaona hakuna hata moja ninayoweza kumpelekea shosho. Zilikuwa picha za mtu anayeiheshimu ndege. Wagikuyu wa ukingo wa msitu hawakuwahi kuiona Lincoln kwa mbele, ikiwa imetulia, taa zikiimulika. Walioiona waliiona kwa chini.

Basi nikapiga magoti. Nikapitisha kamera chini ya chuma cha uzio, nikailaza sakafuni, lenzi ikitazama juu, nikawa nabonyeza bila kuangalia. Picha ya kwanza ilitoka paa tu. Ya pili nusu gurudumu. Ya nane ndiyo iliyokubali: tumbo jeusi limejaa kutoka ukingo hadi ukingo, mstari mwembamba pale milango ya mabomu inapokutana, na kando kidogo tu ya bawa.

Nikiwa pale sakafuni kama fundi wa magari, nikaona viatu viwili vimesimama karibu nami. Alikuwa mzee mmoja wa kujitolea, mwenye beji. Nilidhani atanifukuza. Akacheka, akaniuliza kama namtafuta mzuka.

Kumbe hiyo Lincoln ina sifa ya mizuka! Tangu miaka ya 1980 watu wamesimulia kwamba huonekana rubani ndani yake, kwamba vyombo husogea vyenyewe, na wapo waliokesha humo na vinasa sauti. Mzee akanisimulia yote hayo kwa raha. Halafu akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimelisoma, lakini kulisikia mbele ya ndege yenyewe ni tofauti: kinachoshangaza kuhusu mzuka huo ni kwamba ndege hii haikuwahi kwenda vitani. Iliundwa Baginton, karibu na Coventry, mwaka 1945. Ikakaa ghalani, kisha ikapewa kazi za mambo ya redio na vifaa vya kielektroniki, ikastaafu 1963. Haikumpiga mtu yeyote. Nani basi angekuja kuiandama?

Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akauliza Kenya sehemu gani. Nikamwambia Nyeri.

Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Oh. Basi unajua Lincoln."

Nikamwambia bibi yangu ndiye anayezijua, mimi nimekuja kumpigia picha. Akatikisa kichwa polepole. Hakuomba msamaha, na mimi sikuwa nimeenda kudai msamaha kwa mzee wa watu anayejitolea Jumamosi yake. Alichofanya ni kunionyesha pembe nyingine, upande wa mkia, ambapo taa haimulikii moja kwa moja na tumbo linaonekana vizuri zaidi. Akasimama kando akiwaomba watoto wapite upande wa pili hadi nimalize. Nilimshukuru sana.

Kwenye treni ya kurudi ndipo swali lilipoanza kunisumbua, na ni swali la mwalimu wa historia kuliko la mpiga picha. Picha ninayo, tena nzuri. Lakini niiandike nini chini yake?

Ningeweza kuandika, "Ndege iliyopiga mabomu Nyandarua." Maneno manne, yana nguvu, na kila mtu kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo angelia. Tatizo ni kwamba si kweli. RF398 haikufika Nyandarua. Na ningeweza kuandika tu "Avro Lincoln, Cosford." Hiyo ni kweli tupu, lakini inamwacha shosho nje ya picha, kama kwamba tumbo lile ni chuma tu kilichopakwa rangi. Maneno yote mawili yanapotosha, moja kwa kusema na lingine kwa kunyamaza.

Darasani tunafundishwa kwamba picha ni chanzo cha msingi cha historia, na tunaambiwa tumuulize mwanafunzi: nani alipiga, lini, kwa nini. Sijawahi kusikia mtu akisema tuulize pia nani aliandika maneno ya chini. Na kwenye picha ya kitu cha makumbusho, maneno ya chini ndiyo karibu kila kitu. Bila maneno, Lincoln ni ndege nzuri. Kwa maneno ya uongo, ni shahidi bandia, na siku mtoto mmoja mwerevu wa kidato cha tatu akigundua kwamba namba RF398 haikufika Kenya, atatilia shaka kila kitu kingine ulichomwambia, pamoja na yale ya kweli. Nilijaribu mara nyingi. Mwishowe niliandika hivi:

"Avro Lincoln RF398, iliyoundwa 1945, iko Cosford, Uingereza. Ndege hii haikufika Kenya. Ndege za aina hii hasa, kutoka vikosi vya 49, 61, 100 na 214, zilidondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuanzia 1953 hadi 1955. Picha imepigwa kutoka chini, kama walivyoziona watu wa huko."

Ni ndefu, najua. Picha inayobeba maneno mengi hivyo haipendezi ukutani. Sawa tu.

Kabla ya kutuma nilimpigia shangazi, anayeishi na shosho, nikamuuliza kama anaona ni vyema. Akasema ngoja nimuulize mwenyewe. Jioni akarudi na jibu: "Amesema ulete." Nikatuma. Shangazi akamsomea maneno kwa Kigikuyu, halafu akanipigia kwa video.

Inabidi niwaeleze kwamba shosho huniita mume wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la guka, marehemu. Ndivyo tulivyo Wagikuyu. Basi akaisogeza simu hadi nikawa naona paji la uso tu.

"Mume wangu, mbona wameiweka ndani ya nyumba?"

Nikamwambia, shosho, wanaitunza isinyeshewe.

"Isinyeshewe," akarudia. Akaitazama tena picha. "Ni hii. Lakini hii haina mlio. Sisi tuliijua kwa mlio. Ilikuwa inaanza kama lori linalopanda mlima wa mbali, na mbwa wanaingia chini ya kitanda kabla yetu. Hebu niwekee mlio wake."

Lincoln inayoruka haipo tena popote duniani. Lakini Lancaster nayo ina Merlin nne, na moja inatunzwa na kikosi cha RAF cha ndege za kumbukumbu huko Coningsby, namba PA474. Rekodi za mlio wake ziko tele mtandaoni. Nikamwambia kwanza kwamba huu ni mlio wa dada yake, si wake. Akasema weka. Nikaweka.

Sekunde kumi hivi. Shosho akasema, "Zima."

Nikazima. Hakuna aliyesema neno, hata shangazi. Kisha shosho akaanza kuongea, na safari hii hakukumbuka chai. Alikuwa na kaka, mkubwa wake kwa miaka minane. Nilijua kwamba alikuwepo. Sikujua zaidi ya hapo. Aliingia msituni 1953 na hakurudi. Kama ni bomu, kama ni risasi, kama ni baridi, kama ni njaa, hakuna aliyewahi kuwaambia. Mama yao, kila usiku ndege zilipopita, alikuwa anahesabu mishindo kwa vidole, na ukimya ukirudi anawaambia watoto walale, leo hakuwa huko. Shosho alinitajia jina la kaka yake. Hapa sitaliandika, ila kwenye daftari langu lipo, na shangazi naye ameliandika kwenye Biblia ya nyumbani, kwenye ule ukurasa wa majina.

Baada ya simu nilikuwa na hamu ya kujua zaidi kuhusu hiyo PA474 niliyomchezea. Na hapa wadau kaeni chini. Kabla ya kuwa ndege ya maonyesho, kati ya 1948 na 1952, PA474 ilikuwa na kikosi cha 82. Kazi yake? Kupiga picha. Ilitumika kupiga picha za angani Afrika Mashariki na Kusini kwa ajili ya kutengeneza ramani. Na mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, RAF ilileta Eastleigh ndege mbili za Meteor za kupiga picha tu, ili wajue ni wapi pa kupiga mabomu. Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja kwa yote mawili, mmeona? Kupiga. Sisi tulipigwa picha kutoka juu zamani, na sisi hatukuombwa tusimame vizuri.

Kwa hiyo nikiitazama ile picha yangu ya sakafuni, naona ni mara ya kwanza katika ukoo wetu lenzi kuelekea upande ule. Haibadilishi kilichotokea. Lakini ipo.

Sasa mipango. Nikirudi nyumbani ni TP, muhula mzima darasani mbele ya vidato. Mada ya harakati za uhuru nitaifundisha na picha mbili za ndege hiyo hiyo, moja ya mbele na moja ya chini, bila maneno yoyote. Nitawaomba wanafunzi waandike wenyewe maneno ya chini ya kila moja. Halafu nitawapa ukweli wote, pamoja na kwamba haikufika Kenya, waandike upya. Mwisho nitawatuma nyumbani wakamuulize mzee yeyote aliyebaki: ulisikia nini? Si uliona nini. Ulisikia nini. Wazee hao wanazidi kupungua, wadau. Kama na wewe una shosho au guka aliyekuwa mtoto mwaka 1953, simu unayo mkononi.

Picha nitaziweka zikiwa tayari, za mbele na za chini, na ile TSR-2 kwa ajili ya mashabiki wa vitu vyeupe. Kesho nina wasilisho la tathmini ya elimu saa tatu asubuhi na slaidi sijagusa hata moja, na jamaa wa gitaa ameanza. Kwaherini kwa sasa.